Rudisha, Inyooke

Siku akina mama walipokuja na makoleo kuzika bwawa letu la samaki, Mwanangu, ndiyo ninayoikumbuka kuliko siku zangu zote. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Mimi nilikuwa msichana wa kuongea na maji kuliko na watu. Nilikuwa nimemaliza shule ya msingi tu, na hata pale darasani, mwalimu akiita jina langu, niliitikia kwa kuinua kidole.

Bwawa lilikuwa bondeni, nyuma ya mtaa wetu hapa Bunia. Lilichimbwa na akina mama waliokimbia vita Djugu, na Koko, nyanya yangu aliyenilea, alikuwa mmoja wao. Samaki wale walikuwa chumvi yetu na sabuni yetu. Siku ya kuvua, kazi yangu ilikuwa kusimama na beseni. Samaki walionona walikwenda sokoni, na yule mkubwa kupita wote alipelekwa kwa Pasta, maana kwetu Mungu hapewi kitu kidogo. Wadogo walirudi majini wakomae. Akitokea aliyepinda mgongo, ambaye mnunuzi hamtaki, Mama Espérance, mkubwa wa kikundi, alinipigia kelele huku akicheka:

"Rudisha, inyooke!"

Nami nilirudisha. Hakuna hata mmoja aliyenyooka.

Kila mavuno waliopinda wakazidi, mpaka wavu ukawa unatoka umejaa karibu vibiongo vitupu. Sokoni watu walitutania. "Mama, hii samaki yako inainama kusalimia nani?" Kisha utani ukaisha, yakaja maneno mabaya: bwawa limelogwa, mwanamke akila samaki wale atazaa mtoto aliyepinda. Basi hakuna aliyenunua tena. Akina mama wakakubaliana kulizika bwawa na kupanda mboga ya lengalenga juu yake. Usiku huo Koko hakugusa chakula.

Sasa, kulikuwa na binti mmoja wa hapa hapa mjini, Docteur Solange, aliyesomea maisha ya samaki. Alikuwa amewachukua samaki wetu kadhaa ili awapime, na asubuhi ile ya makoleo alifika na majibu, pikipiki yake ina matope mpaka kwenye kiti. Akaomba makoleo yangoje kidogo.

Alitoa uti wa mgongo wa samaki mzuri wa bwawa jingine, akatuonyesha gegedu, kile kitu kinachoteleza kati ya pingili na pingili. Akakibonyeza kwa kidole, kikarudi kama soli ya kandambili. Akabonyeza cha samaki wetu. Kikabaki kimebonyea, kama muhogo uliochemshwa.

"Nimezibana nyingi kwa mashine, jibu ni hilo moja," alisema. "Samaki ikiwa mutoto, gegedu ndiyo inashika mugongo, mufupa bado haijakomaa. Gegedu ikikosa nguvu, mugongo inainama, halafu mufupa inakauka vile iliinama. Haiko ulozi, mama zangu. Iko jenetiki. Iko mambo ya kuzaliwa nayo."

"Docteur," aliuliza Mama Espérance, "hiyo jenetiki iko dawa ao iko shetani?"

Watu walicheka mpaka wakaegemea makoleo yao. Docteur naye alicheka, kisha akaeleza upya: humu ndani ndugu wanazaa na ndugu, na walio dhaifu ndio wanaobaki kuzaa. Akina mama wakatikisa vichwa. Mmoja akatupa bonge la kwanza la udongo majini.

Mlio wa ule udongo ulinishtua. Nilikuwa namtazama Koko, na ghafla nikaona akilini jiko letu la zamani kule Djugu. Kila mavuno Koko alichagua mahindi yaliyonona, akayafunga kwa maganda yake, akayatundika juu ya moto yapate moshi. Hata wakati wa njaa hakuna aliyethubutu kuyagusa. Siku tulipokimbia, Koko aliacha blanketi, akabeba yale mahindi.

Nikamnong'oneza Koko, nikitumaini kwamba atanisemea. Alinigeukia kwa jicho kali.

"Weye, mimi iko kinywa yako?" alisema, tena kwa sauti ya kusikika. "Ukinyamaza, watazika hii shimo pamoja na hiyo neno yako. Simama!"

Nilisimama. Beseni lilikuwa mkononi na lilikuwa linatetemeka.

"Mama... hindi ya mbegu, siye tunatundika ile nzuri. Hakuna mutu anapanda ile ya kuoza. Lakini samaki, ile nzuri tunauza, tunapelekea Pasta. Ile ya kupinda ndiyo tunarudisha. Sasa mbegu yetu si ni hiyo?"

Makoleo yote yakatulia. Mama Espérance alinitazama kama mtu aliyesikia mbuzi anaongea.

"Kumbe huyu mutoto iko na sauti!" alisema. Akaweka koleo lake chini. "Docteur, mbegu nzuri tutapata wapi?"

"Mahagi," Docteur alijibu upesi. "Bwawa yake naijua. Nitaleta mimi mwenyewe."

Tulikausha bwawa. Waliopinda tuliwala wote, Koko akiwa wa kwanza, mbele ya watu, na hakuna mtu aliyepinda mgongo. Madume kutoka Mahagi walifika ndani ya pipa juu ya lori la mahindi. Majike tulichagua sisi wenyewe kati ya wachache wetu walionyooka, tukipitisha kidole mgongoni mwa kila mmoja.

Siku ya mavuno, Pasta alikuja na viatu vya Jumapili. Wavu ulipopanda, Mwanangu, laiti ungeona! Migongo imenyooka kama rula, jua linametameta juu yake. Docteur alipasua mmoja, akabonyeza gegedu, likarudi. Akaruka juu kama mtoto.

Nikamchukua mkubwa kupita wote, nikamkabidhi Pasta kwa mikono miwili. Akina mama wakatazamana. Huyo ndiye mbegu tuliyemhitaji, lakini kwetu sadaka haidaiwi. Nilimtazama Koko. Koko akaangalia pembeni, makusudi.

"Pasta," nikasema, na safari hii kwa sauti yangu yote, "rudisha! Inyooke!"

Mama Espérance ndiye aliyeangua kicheko cha kwanza. Pasta alicheka mpaka akatoa machozi, akapiga magoti matopeni na vile viatu vyake, akamwombea baraka yule samaki, akamwachia majini. Vigelegele vilisikika mpaka barabarani.

Kwa hiyo, Mwanangu, kilicho bora usikimalize leo chote, hata kwa ajili ya sifa nzuri. Bakiza cha kuzaa kesho. Na ukijua neno la kuokoa watu, liseme, hata kama beseni linatetemeka mkononi. Usingoje kinywa cha mwingine. Mungu aliyetuvusha kutoka Djugu akukuze, akunyooshe mgongo, na siku utakaposimama kusema, akuwekee karibu mtu kama Koko, atakayekataa kukusemea.