Pazia la Karungu

Kazi yangu ya kwanza jukwaani ilikuwa kuwa mama mkwe. Nilikuwa na miaka ishirini, darasa langu la saba kichwani, na mito miwili kiunoni ili nijae kama mama wa watu. Miaka ile ya sitini tulikuwa watano, tukizunguka masokoni na maigizo ya kuchekesha, vifaa vyetu vyote ndani ya sanduku moja la bati. Kiongozi wetu alikuwa mwalimu aliyeacha chaki. Tulimwita Mwalimu tu, na yeye mwenyewe hakucheka kamwe.

Kwetu Homa Bay mjini nilikuwa mfalme. Igizo lilikuwa hivi: bwana arusi anakuja ukweni, mama mkwe anataka kumchinjia kuku, kuku anatoroka. Namkimbiza, gauni linapanda magotini, na bwana arusi maskini hajui aweke macho wapi. Makarani walicheka, wachuuzi walicheka, mpaka watu wasiojuana wakashikana mabega. Mimi nikaanza kuota: Nairobi, redio, jina langu ukutani kwa rangi nyekundu.

Halafu tukaenda Rodi Kopany. Siku ya soko, watu tele. Nikakimbiza kuku, gauni likapanda, na kilichonijibu ni ng'ombe mmoja kule mnadani.

"Kijana," Mwalimu akaniambia tukifunga sanduku, "wamekutazama kama wako matangani."

"Walichoka na soko, Mwalimu."

"Na mimi nimechoka. Kesho Karungu. Wakinyamaza tena, gauni hilo unamvulia mpiga ngoma, wewe unarudi kwa mama yako."

Njia nzima, juu ya lori la wachuuzi wa samaki, nilikumbatia mito yangu kama mtu anayeaga watoto.

Karungu tulicheza mchana katika banda la kupimia samaki. Watu walijaa, wazee kwa vijana, harufu ya omena ikiwa imekaa nasi kama mtazamaji mwingine. Nikamfungulia kuku. Nikakimbia, nikaanguka, nikainuka. Kimya. Pembeni nikamwona Mwalimu ameshamshika bega mpiga ngoma.

Ndipo mama mmoja wa mbele akainuka. Alikuwa amejaza pembe ya leso mdomoni, mabega yanatetemeka, akainama na kutoka mbio. Nikajua analia. Moyo wangu haujawahi kustahimili mama wa mtu akilia. Nikamwacha kuku, nikamfuata nje, mito inateremka kuelekea magotini.

Nilimkuta nyuma ya banda ameshika ukuta.

"Mama, nisamehe. Nimekuumiza?"

Akainua uso, machozi tiririri. Alikuwa anacheka. Anacheka mpaka hana pumzi.

"Nyathina, mwanangu, niache nimalize, ndio nirudi."

"Si ungecheka kule ndani?"

"Yawa! Wewe ulilelewa na nani? Yule wa kofia ya majani, aliyekaa nyuma yangu, ameoa binti yangu. Nimtolee meno yote, kwa mambo ya mama mkwe kupandisha gauni, kesho anisalimie na macho gani? Na si mimi peke yangu. Humo ndani kila mtu ana mkwe wake. Wamebana tu, watapasuka!"

Adabu hiyo niliijua, nani kwetu hakuijua? Lakini mjini watu walikaa na wageni, wakwe wamewaacha nyumbani, nami nikadhani kicheko ni kicheko popote.

Nikarudi mbio. Nikashusha pazia letu la jukwaa, shuka tatu zilizoshonwa pamoja, nikalitundika kwa kamba katikati ya watu, nguzo hadi nguzo.

"Wenye wakwe watengane! Mama wa mke huku, mume wa binti kule!"

"Na mimi mwenye wakwe pande zote mbili?" mzee mmoja akauliza.

"Wewe mzee, kaa chini ya kamba!"

Hapo ndipo kicheko cha kwanza kilipopasuka. Kuku akapita chini ya pazia, nami nyuma yake, upande huu, upande ule, na kila nilikotokea banda lilipiga kelele kama mvua ya mawe juu ya mabati. Mwalimu alimwachia mpiga ngoma bega lake. Hakucheka, ila alinitupia kamba nyingine. "Tutaihitaji Migori," akasema.

Nairobi sikufika. Redioni sikusikika. Lakini nikiona shuka imeanikwa kwenye kamba, ninarudi Karungu kwa mawazo, ninapita mbio na mito yangu, na yule mama ananivuta gauni. Ameegemeza sikio kwenye pazia.

"Ngoja kidogo. Unamsikia huyo anayelia kama mbuzi? Ndiye mkwe wangu. Miaka sita, sijawahi kumsikia akicheka."

Nikasimama naye, tukasikiliza.