Mizigo ya Watu

Kampuni ya kusafirisha mizigo niliyokuwa mkalimani wake ilinipunguza Jumatatu, kabla ya chakula cha mchana. Bosi, Mchina mpole, alieleza kwamba wateja wa Dar siku hizi wanaongea na viwanda wenyewe, simu inawatafsiria. Akanishukuru, akanipa boksi la majani ya chai. Nililipokea kwa mikono miwili kama wanavyotaka wenyewe, nikateremka na lifti, nikaenda kula.

Kibali cha kuishi hapa Guangzhou, China, kinafuata kazi. Kazi ikikatika una wiki chache tu: upate mwajiri mwingine au upande ndege. Mimi nilitaka kubaki. Nilikuja kusoma, nikazoea kujitegemea, na kule Temeke sikuwa na cha kurudia ila kitanda nilichokuwa nalalia na wadogo zangu.

Habari ikanitangulia. Kesho yake aligonga kaka mmoja anayeuza viatu soko la Liuhua, mkononi ana mfuko. Akanipa pole, akaniomba nimfikishie mama yake makubazi. Huku mtu akirudi nyumbani ndivyo tunavyofanya, kila mmoja anampa kijimzigo cha ndugu zake, na kukataa ni roho mbaya. Nikapokea. Kufika Ijumaa chumba kilikuwa na sare za shule, mawigi, blenda mbili na gauni la bibi harusi. Wote walinihimiza nisikate tamaa, Mungu hamtupi mja wake, halafu wakauliza nimebakiwa na kilo ngapi. Kama ninaondoka kweli, hakuna aliyeuliza. Nilikuwa na hasira, ile ya kusema asante huku unasaga meno.

Wa mwisho alikuwa mama wa Kizanzibari anayenunua jinzi kwenye viwanda vya Xintang na kuzipakia kontena. Alileta mapazia ya binti yake, mazito kama gunia la mchele. Akaanza kunifariji, riziki haiko pahala pamoja, mwanangu, nikamkatiza.

"Siondoki, mama."

Hata mimi ndiyo kwanza nalisikia neno hilo. Yeye wala hakushtuka.

"Basi nipe mapazia yangu nikampe anayeondoka," akasema, akayabeba, akaenda zake.

Nilicheka peke yangu mpaka nikachoka. Kisha nikaitazama ile mizigo. Mzigo wa mtu ni amana, na kama siendi, basi irudi kwa wenyewe. Asubuhi nikaazima kikokoteni kwa mpagazi wa mtaa wa Guangyuan Xilu, nikaanza kupita duka kwa duka.

Ukimrudishia mtu mzigo wake lazima useme kwa nini. Nikawa nasema: siondoki, natafuta kazi, kuna mtu unamjua anayehitaji mkalimani? Duka la kwanza niliona aibu. Baada ya maduka kadhaa nilikuwa nayasema kama mtu anayetaja bei. Wengine walinuna, hasa mwenye gauni, maana harusi haisubiri. Wawili waliahidi kuniulizia. Mmoja alinishauri nirudi tu nyumbani nikaolewe, nikamwambia aanze dada yake.

Nilikuwa nimemaliza, nasubiri lifti ya mizigo kwenye jengo la maduka ya nguo, simu ikalia. Yule mama wa Kizanzibari.

"Nimesikia unazunguka unatafuta kazi."

"Ndiyo, mama."

"Jana umenambia huondoki, nami nikajua ushapata kazi pengine. Mbona hukunambia?"

Nikamwambia bado sijapata. Wiki nzima nilikuwa nimewanunia watu kwa kutoniuliza.

Akasema hiyo simu inayotafsiri imeshamgombanisha na wenye viwanda wawili, na kesho ana mzigo wa kukagua Xintang. Nikamuuliza, na kibali?

"Ofisi yangu ndogo, lakini imesajiliwa. Njoo na pasi yako."

Nikakaa juu ya kikokoteni, nikalia, wapagazi wakinipigia kelele niwapishe njia.