Dawa ya Pamba Kichwani mwa Masunga

Hadi leo, msimu wa kupulizia pamba ukifika na harufu ya dawa ikanipata barabarani, huharakisha kupita. Mtanicheka, lakini nikipita karibu na mashamba ya watu hufunga dirisha la gari, jua liwake lisiwake.

Mama alifariki nikiwa na miaka tisa, mdogo wangu Masunga minne. Kwetu Migato mwanamume hakuwa na kazi jikoni, kwa hiyo baba alianza kujifunza ukubwani. Ugali wake ulikuwa mbichi katikati, nasi tukaula tukimsifu. Aliyemnyima raha ni bibi, mama yake mama. Alituma habari kutoka Lalago kwamba angekuja Jumamosi kutuangalia, na akitukuta hatutunzwi angeondoka na Masunga.

Ijumaa asubuhi baba akaona chawa kichwani mwa Masunga. Mama angejua la kufanya. Baba alijua wadudu wa pamba tu. Akachanganya dawa kidogo, kifuniko kimoja cha chupa, akamwosha kichwa. Mimi ndiye niliyeshika taulo.

Haukupita muda Masunga akaanza kutokwa na mate, akatapika, miguu ikamlegea. Baba alimmwagia ndoo nzima ya maji, akampakia kwenye baiskeli hadi zahanati, mimi nikikimbia nyuma huku nalia. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu, angekuwa anatupa pole.

Bibi alitukuta hukohuko kesho yake, Masunga akinywa uji. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, ila siku hiyo baba alimtazama. Alimweleza yote, hakuficha hata kile kifuniko.

"Mayu, mchukue," akasema, akimwita mama kwa lugha yetu. "Mimi nitamuua."

Bibi alimfuta Masunga uji mdomoni.

"Simchukui," akasema. "Nitakufundisha."

Alikaa nasi wiki mbili, akamfundisha baba kunyoa vichwa, kuchemsha nguo na kusonga ugali ukaiva, akirudia kila siku kwamba kuuliza si ujinga.

Lakini lile neno "mchukue" lilinikaa rohoni miaka mingi. Niliamini baba alikuwa ametuchoka. Kisha mwaka jana mwanangu alishikwa na homa kali, mke wangu akiwa safarini, nami nikajikuta nampigia simu mama mkwe, namsihi aje amchukue. Simu ikiwa bado sikioni, nikamwelewa baba: alikuwa radhi kumkosa Masunga maisha yake yote, mradi Masunga aishi.