Kamati ya Kumwambia Gervas

Wananchi wa Adelphi, Gaithersburg na Columbia, huku Maryland, Marekani, pamoja na wale wa Virginia wanaojifanya hawatujui: mnatangaziwa kwa heshima zote kwamba Kamati ya Kumwambia Gervas imemaliza kazi yake. Kazi yenyewe ilikuwa sentensi moja. Imechukua miezi mitatu.

Sentensi hiyo ilisema kwamba baba yake Gervas, Mzee Zefania, karani mstaafu wa posta pale Makambako, amefariki.

Gervas ni mtunza wazee. Analala Adelphi, anafanya kazi Columbia, kwa bibi wa miaka tisini na mmoja anayemwita kwa jina la marehemu mumewe, naye huitika. Makaratasi yake yako kwa watu wa uhamiaji mwaka wa sita sasa; akitoka nchini, harudi. Kwa hiyo miaka yote hiyo yeye na baba yake walikuwa wakikutana mahali pamoja tu, napo ni Kombe la Ligi la Uingereza.

Usifikirie lile kombe kubwa lenye heshima zake. Hili ni mdogo wake, linachezwa katikati ya wiki, na timu kubwa hupeleka huko watoto na waliotoka hospitali. Timu yao ilikuwa Brackwell Town, ya daraja la pili. Mzee aliiokota mnadani mwaka tisini na mbili, aliponunua jezi yake ya mtumba na kutamka kwamba jezi nzuri namna hii haiwezi kuwa ya timu mbovu. Alikosea kwa miaka thelathini na kitu, na hakuwahi kukiri.

Siku ya mechi walitazama pamoja, mmoja kila upande wa dunia, wakiandikiana. Brackwell ikishinda, Mzee aliiita timu yetu. Ikifungwa, aliandika: "Huyo kipa wenu kakatwa mikono?"

Msimu huu Brackwell ikafika robo fainali, jambo ambalo hata wao wenyewe hawakulielewa. Wiki moja kabla ya mechi hiyo, mwezi wa Desemba, presha ikamwangusha Mzee Zefania bafuni. Akazikwa kando ya mkewe.

Ukoo ukakaa. Kwetu mtu aliye mbali hapewi msiba kwa simu. Lazima waende watu, wamkalishe, wamshike. Basi dada yake Gervas, Vaileth, akakabidhiwa simu ya marehemu na kuagizwa amweke Mzee hai mpaka watu wa Maryland wafike kwa Gervas. Akipiga, aambiwe spika imekufa, Mzee anaweza kuandika tu.

Huku Maryland kazi ikamwangukia Godlisten wa Gaithersburg, fundi wa kompyuta na mwenyekiti wa kila kitu. Akaunda kamati, akafungua groupu, akateua katibu. Akamwongeza Edah, nesi Mkenya, kwa sababu ana mashine ya kupimia presha. Kamati ikaona si ubinadamu kumvunja mtu siku mbili kabla ya mechi. Brackwell si itafungwa tu? Ikifungwa, Jumamosi tunakwenda.

Brackwell ikashinda kwa penalti.

Gervas alikuwa jikoni kwa bibi. Akamwandikia baba yake: umeona? Jibu likaja: "Hongera mwanangu. Tumshukuru Mungu."

Mzee Zefania hajawahi kumwambia mtu hongera. Gervas alipofaulu kidato cha nne, aliulizwa waliomshinda ni kina nani. Alipopata viza, aliulizwa paa litazibwa na nani. Akausoma ule ujumbe mara tatu, akautia mfukoni, akaenda kumlisha bibi uji.

Ikaja nusu fainali. Ya kwanza wakashinda, ya marudiano wakasuluhu. Kamati ikachanganyikiwa. Nadhani ndiyo mara ya kwanza Wakristo wa Maryland kufunga na kuomba kwa ajili ya mabeki wa wapinzani. Na upande wa pili Gervas, ambaye kanisani tulikuwa tunamwona Pasaka kwa Pasaka, akaanza kupiga magoti kila asubuhi ya mechi, kwa ajili ya Brackwell. Tukasema maskini, anaupenda mpira.

Alimwomba baba yake picha akiwa amevaa jezi. Vaileth akajibu kwamba imefuliwa. Mzee hakuruhusu jezi ile iguse maji mpaka msimu uishe. Mkewe alishawahi kususa kulala naye kwa ajili hiyo. Gervas akaandika: sawa baba.

"Si mumwambie tu?" Edah aliuliza kikaoni. "Huyu ni mtu mzima, jameni."

Godlisten akamwomba dada Edah aheshimu utaratibu.

Fainali ikawa Jumapili mchana. Baada yake hakuna mechi, kwa hiyo hakuna kisingizio. Tukatoka ibadani moja kwa moja, watu saba, magari matatu, kina mama wamejifunga khanga, sufuria la pilau kwenye buti. Gervas akatufungulia bila kuuliza khanga za nini. Sebuleni kiti kizuri kuliko vyote kilikuwa kitupu, kimeelekezwa kwenye runinga. Juu yake simu, imeegemezwa kwenye chupa ya chai.

Brackwell ikafungwa tatu bila. Gervas aliandika mara moja tu, kwamba kipa wetu leo kakatwa mikono. Simu ikajibu: "Mungu ni mwema."

Filimbi ya mwisho ilipolia akazima runinga. Akaichukua simu kitini, akailaza kifudifudi mezani. Godlisten akasimama, akakunjua karatasi, akakohoa, akaisoma ile sentensi yetu ya miezi mitatu. Edah akamshika Gervas mkono, kumpima au kumshikilia, sijui.

Gervas alikuwa anakitazama kile kiti.

"Najua, kaka," alisema. "Tangu robo fainali. Nilijua tukitolewa mtakuja."