Tangi Lililojaa

Leo, kwenye choo cha muda pale sokoni Walthamstow, London, nimenusa ile dawa ya buluu ya choo, na hasira ikanipanda upya.

Baba alikuwa amekodi gari la kulala, tukaenda kusini na bibi. Kwa asiyejua, gari hilo lina tangi dogo la choo lenye dawa hiyo hiyo, na humwagwa kwenye kambi zenye shimo lake. Likijaa, choo hakitumiki. Sisi tunachamba kwa maji, si karatasi, kwa hiyo letu lilijaa upesi. Nje ya mji mmoja mdogo tukaona kambi.

“Wanachama tu,” alisema mwenye kambi.

“Kumwaga tu, bwana. Nina mama mtu mzima humu.”

“Nimeshasema.”

Nyuma yetu likaja gari jingine. Mzungu aliyeliendesha akauliza kama lazima awe mwanachama.

“Wewe pita tu, shimo liko kule nyuma.”

Baba akamwambia mwenye kambi asante, akageuza gari.

“Wamshukuru kwa lipi?” bibi akafoka.

Bibi akafungua dirisha, akamwaga chai yake yote, na hakunywa hata tone mpaka tulipofika London.