Kibuyu cha maji kimeniponza

Jamani, leo nimefukuzwa kazi kwa sababu ya kunywa maji.

Tunapalilia miwa huku Makurunge. Msimamizi alipiga marufuku chupa za plastiki, maana zimeziba mifereji. Akataka kila mtu aje na chombo cha kudumu.

Cha dukani sikukiweza. Nikatafuta kibuyu kikavu, nikakikwangua ndani, nikakiziba kwa gunzi la mahindi. Kwetu Sumbawanga tumekunywa hivyo tangu utoto.

Asubuhi msimamizi akanisifu.

Jua lilipokolea nikakitoa ninywe. Bi Zuhura, jirani yangu wa mstari, akatupa jembe.

"Yarabi! Huyu kaja na uganga wake!"

"Mama, ni maji tu."

"Mtu wa Sumbawanga na kibuyu, halafu maji? Kanywe na mizimu yako!"

Nikanywa mbele yao mpaka yakanilowesha kifua, ili waamini. Ndiyo nikaharibu kabisa. Wakasema sasa dawa imeshaingia mwilini, na wote wakahama mstari.

Msimamizi akaja, akasimama mbali kidogo.

"Kaka, mimi siamini mambo hayo. Lakini watu wamegoma. Nenda tu, usirudi."

Mbona hakusogea karibu, kama haamini?

Niko kando ya barabara. Nauli ya kwetu sina, na huku sina ndugu.

Mwenye kibarua chochote, hata cha kubeba zege, aniandikie hapa chini. Nitafanya kutwa nzima. Maji nitakunywa nikishatoka.