Wenye Jina Moja

Cornel alikuwa karani wa idara ya kumbukumbu katika maktaba ya mji wa Shinyanga, na akipita, watu walimjua kwa harufu ya vumbi na dawa ya mchwa. Mwaka ule wa 1956 alikabidhiwa chumba cha nyuma chenye karatasi za watu walioandikishwa kwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita. Zilikuwa zimerundikana hadi kuziba dirisha. Mkuu wake, Bwana Eustace, akaamuru zipangwe upya: jina la dini kwanza, la baba lifuate. Mwenye jina moja hapangiki, karatasi yake itolewe, ichomwe.

Bwana Eustace alikuwa mtu wa pwani. Huku Usukumani mtoto wa kiume aliyezaliwa usiku ni Bujiku, basi, na makarani wa zamani waliandika hivyo hivyo, "Bujiku, Shinyanga," wakamwita anayefuata. Cornel, Msukuma wa Mhunze, alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale. Akanyamaza. Alikuwa na miezi mitatu kazini na suruali mpya ya kaki. Alizitoa karatasi mia sita na kumi na mbili, akazisoma moja moja, maana aliona si adabu kuzichoma bila kuzisoma, kisha akazitia moto shimoni nyuma ya maktaba.

Haukupita mwezi, ikaja amri nyingine: wananchi hawaijui maktaba, waitwe. Akapewa baiskeli na kipaza sauti cha bati. Siku ya gulio la Didia alisimama kando ya wauza viazi akatangaza kwamba aliyepotelewa na ndugu migodini aje mjini, karatasi zipo. Wachunga ng'ombe wakamtania, wakamwuliza kama karatasi hizo hukamuliwa asubuhi na jioni. Akacheka nao.

Keshokutwa yake alifika Limi, mke wa Mageni, aliyetoka Didia kwa miguu. Mwanawe alikwenda migodini miaka minane iliyopita. Jirani aliyerudi mwaka huohuo alisema kifusi kilimfunika, lakini mgodi upi, kazikwa wapi, hakujua. Na Mageni amekataa matanga yaanuliwe mpaka aambiwe mwanawe amelala wapi. Nyumba nzima imekaa msibani miaka yote hiyo; binti wawili wamechumbiwa na posa zimerudishwa.

"Jina lake nani, mayu?" Cornel aliuliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Bujiku."

"Na la ubatizo?"

"Hakubatizwa. Ni Bujiku. Kwani halimtoshi mtu?"

Cornel aliingia katikati ya rafu, akasimama huko akitazama pengo alilolifungua mwenyewe. Angeweza kurudi na kusema hakuiona. Alirudi akamwambia yote, hata shimo.

Limi aliuliza: "Ulizisoma kabla ya kuzichoma?"

"Zote, mayu."

"Basi mgodi wake uliuona."

"Niliuona. Sikumbuki. Akina Bujiku walikuwa wengi."

Hakulia wala hakulaani. Alimwomba atulie tu, ajaribu. Cornel akafumba macho, na majina ya migodi yakamjia yote kwa pamoja, kila moja likiwa tayari kukubali kuwa ndilo. Alipofumbua mdomo, mama alimtazama usoni akamkatiza.

"Usinipe mgodi wa kubahatisha. Mageni atakwenda kuutafuta kwa miguu."

Akajifunga kanga upya, akaondoka.

Bwana Eustace alifurahi: wageni kumi na mmoja kwa siku moja, idara haijawahi kuona. Wiki iliyofuata akamtuma gulio la Mhunze, kwao Cornel hasa, ambako nusu ya gulio walikuwa shangazi na binamu zake. Aliegemeza baiskeli, akainua kile kipaza sauti.

"Wenye ndugu wa majina mawili, njooni mjini, karatasi zipo. Wa jina moja, msijichoshe na safari."

Watu wakacheka, waliona kijana wao kajifunza mizaha ya mjini. Akalirudia tangazo lile kwa Kisukuma, polepole, na kicheko kikakatika.